Mwaka Ningu Walipoupanda Mto Kuja

Jumapili, 15 Machi 1998

Mama yangu kule Isebania hakulala bila kumshukuru Mungu kwa jambo moja, kwa sauti, hata siku ambayo sisi watoto hatukuona lolote la kushukuria. Mimi nikisema nitashukuru kitandani, usingizi hunibeba kabla ya amina. Kwa hiyo nimechukua daftari hili la mahudhurio ya nasari ninakofundisha, lililobaki nusu, niwe naandika. Jambo moja tu. Siku nikikosa, nitajua nimelala mchana.

Leo: mvua ya masika imegonga bati letu kwa mara ya kwanza, na bati halikuvuja. Mume wangu Otieno alilipiga lami mwezi jana kabla hajarudi Awendo kwenye trekta lake la miwa. Nashukuru kwa lami, na kwa mume anayepanda paa bila kuambiwa mara tatu. Mara mbili alihitaji.

Jumanne, 17 Machi

Baba mkwe wangu, Mzee Masese, ametangaza kwamba uzio utajengwa tena. Macho yake yameingia ukungu, ananiona mimi kama kivuli chenye sauti, lakini amri anatoa kama zamani akifanya kazi Reli, Kisumu, alikopata Kiswahili chake.

"Nyar Kuria! Kesho kata fito. Mingi. Mimi nasuka migono."

Nyar Kuria ndiyo mimi, binti wa Ukuria. Miaka kumi na mmoja nimeolewa hapa kwa Wajaluo, na jina langu la Mellen linaitwa na mwalimu mkuu peke yake.

Niandike habari za uzio, maana Caren binti yangu huenda akasoma siku moja na uzio haupo. Ningu ni samaki wa ziwani, lakini masika mto Kuja ukifurika hupanda mto, hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, kisha hushuka kurudi ziwani. Watu wa ukoo huu walikatiza mto kwa nguzo na kuta za fito, wakaacha milango. Samaki wakipanda, milango iko wazi, hakuna anayewagusa. Wakishataga na kuanza kushuka, ndipo migono, mitego ya kusukwa, inatiwa mlangoni, mdomo wa mgono ukitazama juu mto unakotoka, samaki anaingia hatoki. Zamani nyumba kumi na nne zilikuwa na mlango kila moja. Sasa imebaki nyumba yetu. Miaka tisa mfululizo uzio umejengwa na haukupata samaki wa kutosha sufuria. Mwaka jana ulipata chura.

"Hii ya mwisho," Mzee amesema. "Ningu isiposhuka mwaka huu, ng'oa nguzo yote, pikia uji."

Alisema huku anacheka, lakini ugoro ulimmwagika, na Mzee hamwagi ugoro wake. Nguzo za kwanza zilichomekwa na babu yake. Nimeamua ningu watashuka. Sijui nitawaamuruje, lakini nimeamua.

Nashukuru kwa panga lenye makali.

Ijumaa, 20 Machi

Fito, fito, fito. Nashukuru kwa kipande cha sabuni.

Jumatano, 25 Machi

Shemeji yangu Cephas anakaa ng'ambo ya ua na mkewe Filister. Simpendi Cephas. Nimeandika na sitafuta.

Sababu ni hii. Chini huko, mto unapoingia ziwani, kila masika hutegwa nyavu saba, bega kwa bega, kutoka ukingo hadi ukingo, na ule mrefu kupita zote ni wa Cephas. Ningu wanaotaka kupanda wanakutana nao mlangoni pa nyumba yao, matumbo yamejaa mayai. Kwa hiyo mtoto wa Mzee ndiye amefanya uzio wa Mzee ukae mtupu. Wote wanajua. Hakuna anayelisema mezani.

Mwaka huu nyavu zimelala. Gugumaji limefunga ufuo tangu Januari, zulia la kijani lenye maua mazuri ya kinafiki, mashua haiendi mbele wala nyuma. Hata lingetoka mambo ni yale yale, maana lori za barafu zilizokuwa zikinunua mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, hazijaonekana, wanasema Wazungu wamekataa samaki wetu kwa ajili ya kipindupindu. Basi Cephas anashinda akicheza bao na kulilaani gugu. Nimempelekea fito mlangoni kwake, nikamwambia, "Shemeji, mikono yako imeanza kuwa laini kama ya karani."

Filister alicheka mpaka akashika ukuta. Cephas hakucheka. Lakini jioni nilimkuta mtoni amesimama kwenye maji ya kiuno, anachomeka nguzo.

Nashukuru kwa Filister, mwenye kicheko kinachosukuma mwanamume mtoni.

Jumamosi, 4 Aprili

Mzee anataka kuupapasa uzio kila jioni. Mke wa mwana hamshiki baba mkwe mkono, kwa hiyo tuna fimbo yetu: yeye anashika ncha moja, mimi nyingine, ninatangulia. Leo nimemwambia, "Baba, hapa shimo." Akasema, "Hiyo shimo mimi najua kabla baba yako hajazaliwa." Kisha akaingia ndani yake.

Hakuumia. Nashukuru kwa hilo, na pia, Mungu anisamehe, kwa jinsi alivyoingia.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Uzio umesimama. Milango mitatu tu, lakini umesimama, na maji yanapita katikati ya fito yakinung'unika. Mzee aliomba kwa Dholuo, kisha akatoa masharti kwa Kiswahili ili nami niyapate: mwanamke haupandi uzio wala haingii maji yake, hakuna kupiga kelele, hakuna mgono mlangoni mpaka yeye mwenyewe ashike samaki mkononi aseme tayari.

"Kwa nini lazima ushike, Baba?"

"Macho inadanganya. Mkono iko na akili."

Otieno alikuja na sukari guru na mkate. Nashukuru kwa siku yote, sina haja ya kuchagua.

Jumatano, 15 Aprili

Mto umefurika. Maji mekundu. Kiboko amekula mahindi ya jirani. Nashukuru ni ya jirani. Hapana, nafuta hilo. Nashukuru kwa mvua.

Jumamosi, 18 Aprili

Kuna kliniki ya macho imekuja Ndhiwa, ya siku chache. Mzee ameenda, atalala kwa dada yake hadi Ijumaa. Akipanda gari alirudia: "Usiguse mlango." Nikamwambia sitagusa. Nashukuru kwa daktari wa macho nisiyemjua.

Jumatatu, 20 Aprili

Ningu! Filister alikuwa akifua mtoni, akatupa kikapu kitupu cha kubebea omena, dagaa wa huku, kwenye majani ya mtoni kwa mzaha, akainua samaki wawili. Cephas alipowaona alisema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni ningu kabisa." Hajawaona juu huku tangu awe kijana.

Niliwapasua. Matumbo yamenywea, hakuna hata yai moja. Hakuna mayai maana yake wameshataga, na wakishataga wanashuka! Wanashuka leo, wanapita milango iliyo wazi kuelekea ziwani, na Mzee yuko Ndhiwa anatiwa matone machoni. Akirudi Ijumaa atakuta uzio mtupu, na nguzo za babu yake zitapikia uji.

Nilimwendea Cephas. Alikuna kichwa.

"Mzee amesema tungoje."

"Mzee amesema mpaka zitage. Hizi zimetaga. Uliona tumbo?"

"Mimi ni mtu wa wavu, Shemeji. Sijui mambo ya tumbo. Samaki ni samaki."

"Basi mimi najua. Tia migono."

Niliapa kwamba najua. Mimi, niliyekulia milimani kwenye ng'ombe na mihogo, nilimfundisha mvuvi samaki. Alitia migono jioni.

Nashukuru kwa kikapu cha Filister.

Jumatano, 22 Aprili

Nitaandika yote.

Jana asubuhi tulienda uzioni, migono mitupu. Nikasema wataingia usiku. Leo alfajiri Caren alikuja akikimbia: "Mama, maji inachemka!" Nilidhani ni kiboko. Nikafika ukingoni.

Upande wa chini wa uzio, upande wa ziwani, maji yote yalikuwa migongo. Samaki juu ya samaki, wanarukia fito, wanagonga, wanaanguka, wanarudi. Sijawahi kuona kitu kama kile na sijui kama nitaona tena. Nililia kwa furaha, nikapiga kelele, na sharti la kelele nikalivunja hapo hapo. Watu wakaja na beseni, ndoo, chandarua, mmoja alikuja na shuka ya kitanda. Hakuna aliyehitaji ufundi. Ulikuwa ukiinama tu unachota. Kwa wiki nyingi watu hapa wamekula sukuma na chumvi, na sasa wazee wanacheka kama watoto, mama mmoja anaimba, na Cephas amesimama majini anawatupa ukingoni wawili wawili, uso wake umefunguka. Nilimpenda kwa mara ya kwanza.

Nikachukua mmoja nimpelekee jirani mgonjwa. Alikuwa mzito. Nikambonyeza, na mayai yakamwagika kwenye kiganja changu kama uwele.

Nikachukua mwingine. Mayai. Wa tatu. Mayai.

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama pale na vidole vinanata. Hawakuwa wakishuka. Walikuwa wakipanda. Wale wawili wa Filister walikuwa madume, wametangulia, na dume hana mayai akipanda wala akishuka. Hata mtoto wa nasari angeuliza kama ni dume. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshaamua jibu. Wote hawa wamepita mdomo wa mto kwa sababu gugumaji limezuia nyavu saba, mwaka mmoja katika miaka kumi, wamepanda hadi hapa wakute mlango nimeufunga mimi.

"Cephas! Toa migono! Zinapanda! Ziko na mayai!"

Alinitazama. Watu wakanitazama.

"Toa? Shemeji, watu wanakula."

"Zikiliwa leo zimeisha. Hakuna zingine!"

"Wewe ndiye ulisema nitie."

"Nilikosea! Nimesema nilikosea, unataka niandike ukutani?"

Mwenye shuka alisema Mkuria ana wivu. Cephas alisimama tu, na samaki mmoja kila mkono. Na mimi najua kile alichokuwa akikitazama: watoto wake wanne kwenye ukingo, na beseni iliyojaa.

Basi niliingia. Na gauni, na mwiko wote. Maji yalinifika kifuani, baridi, yenye nguvu kuliko nilivyodhani. Nilishika mgono wa kwanza, nikauvuta, haukutoka, nikauvuta tena, nguzo ikalegea na mimi nikaenda nayo. Nilikunywa Kuja. Nilifikiri juu ya Caren. Kisha mkono ulinikamata kwa ukosi wa gauni, ukanisimamisha, na Cephas akaniambia sikioni, "Shika nguzo hiyo, usiachie, mwanamke kichwa ngumu." Akapita mbele yangu, akaweka bega kwenye ukuta wa fito aliojenga mwenyewe, akasukuma. Ukuta ulivunjika kwa sauti ya kuni.

Wakapita. Walinigonga miguuni, mapajani, tumboni, wengi, kwa muda mrefu, wakipanda. Ukingoni watu walishusha beseni. Hata mama yule aliacha kuimba.

Uzio umebaki nusu. Nimevunja masharti yote matatu kwa siku tatu. Nashukuru kwa ukosi wa gauni, ulioshonwa na fundi mzuri.

Ijumaa, 24 Aprili

Mzee amerudi na chupa ya matone. Wamemwambia operesheni ni Agosti. Nilimwambia kila kitu tukiwa njiani, kila mtu na ncha yake ya fimbo, nami natazama mbele nisimwone uso. Fimbo ilikuwa nzito. Alienda akalala bila kula.

Sina la kushukuru. Kesho nitaandika mawili.

Jumamosi, 25 Aprili

Hajasema. Nashukuru Caren ana afya. Nashukuru chumvi ipo.

Jumapili, 26 Aprili

Hajasema. Hata ugoro hajaomba. Mvua.

Jumatatu, 27 Aprili

Asubuhi aligonga fimbo ukutani. Nikashika ncha yangu. Hakwenda mtoni, alisimama pale pale uani.

"Ilikuwa mingi?"

"Mingi, Baba."

"Mingi namna gani? Ndoo? Gunia?"

"Maji ilichemka, Baba. Hapakuwa na maji. Zilinigonga mwili wote, sikuweza kuhesabu."

Alikaa chini, polepole, kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikajiandaa kutukanwa. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na nilichukua muda kujua kwamba analia.

"Miaka tisa," alisema, "mimi nafikiri imekufa yote. Nafikiri mimi nachunga kaburi." Akafuta pua kwa mkono. "Kama hufungi ile mlango, zingepita kimya, hakuna mtu angejua. Sasa najua. Erokamano, Nyar Kuria."

Ahsante. Aliniambia mimi ahsante, na mimi ndiye niliyekuja na kosa la kuutia aibu ukoo mzima. Sikujua niweke wapi mikono. Nilimwambia, "Baba, lakini tulikula nyingi." Akasema, "Ilikuwa tamu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi. Lete ugoro."

Nashukuru. Leo siandiki kwa nini, Mungu alikuwa uani akasikia.

Alhamisi, 30 Aprili

Cephas anaujenga uzio upya. Hakuna aliyemtuma. Nimempelekea uji, akanywa amesimama, akasema, "Nguzo za huyu mzee ni ngumu kuliko yeye." Tulicheka wote wawili. Nimerudi kwenye ile ya 25 Machi. Nilisema sitafuta, na sifuti, lakini naandika hapa kwamba mambo yamebadilika.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Tunangoja. Nashukuru kwa mihogo.

Jumatano, 13 Mei

Mvua. Mihogo.

Jumanne, 19 Mei

Cephas alileta samaki mmoja aliyemnasa upande wa juu wa uzio. Mimi sikumgusa, nimejifunza. Tulimpeleka kwa Mzee akiwa hai ndani ya beseni. Mzee aliingiza mikono, akamshika kwa upole, akapitisha kidole gumba tumboni, taratibu, kutoka kichwa hadi mkia. Tumbo lilikuwa limelegea, magamba yamechubuka kwa nyasi. Kisha akapapasa upande wa nyuma, akaniita nisogee.

"Hii ni mama. Amemaliza kazi." Akavuta pumzi. "Tia migono."

Cephas alikimbia. Mtu wa miaka arobaini, alikimbia.

Jumapili, 24 Mei

Arobaini na watatu kwa siku tano. Zamani nyumba moja ilipata hivyo kabla ya chai, Mzee anasema, lakini anawahesabu kwa kidole kila jioni kana kwamba mmoja atatoroka. Aliagiza kila nyumba kati ya zile kumi na nne ipelekewe, hata ambazo mlango wao ulishaoza. Aliyekuja na shuka alipata wawili. Nilimpelekea mwenyewe na akanishukuru bila kunitazama.

Wa kwetu nilimpika kwa nyanya na kitunguu. Mzee alikula kichwa, akanyonya kila mfupa, kisha akasema mbele ya Cephas, mbele ya Otieno aliyekuja kwa ajili ya siku hii:

"Mlango ya katikati ni ya Nyar Kuria."

Otieno alikohoa. "Baba, mwanamke haingii uzio."

"Huyu ameshaingia. Nimtoe namna gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikaendelea kuishika. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mgeni anayependwa. Leo nina mlango mtoni Kuja. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Ijumaa, 29 Mei

Mzee ameamuru migono itolewe ingawa wanazidi kushuka. "Waliobaki waende nyumbani," amesema. Filister hakufurahi. Mimi pia kidogo. Tukatoa.

Jumamosi, 6 Juni

Jana upepo ulivuma kutoka nchi kavu, na gugumaji limeondoka. Zulia lote limejivuta upande wa visiwani, mdomo wa mto ukabaki wazi, unang'aa. Watu walipiga vigelegele ufuoni. Mimi sikupiga. Nilijua kitakachofuata, na ningu wetu wa mwisho bado wako njiani kushuka, na mwakani wote watataka kupanda.

Leo asubuhi Mzee alitaka kwenda mdomoni, mwendo wa saa nzima kwa fimbo. Tukafika. Alisimama na uso wake ukielekea ziwani, upepo ukimpiga shati.

"Wametega?"

"Ndiyo, Baba."

"Ngapi?"

Nilihesabu maboya. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili, maana nimekoma kuamini hesabu yangu ya kwanza. Kati ya wavu wa tatu na wa nne palikuwa na maji matupu, mapana, yanapita bila boya wala kamba. Hapo ndipo mahali pa wavu wa Cephas miaka yote, na hakuna mtu aliyepachukua.

"Sita, Baba."

"Ya Cephas iko wapi?"

Niliuona nilipotoka nyumbani, lakini sikuelewa mpaka hapo. "Juu ya paa lake. Mkavu."

Mzee alisogeza mkono wake kwenye fimbo, karibu na wangu, karibu kabisa, bila kunigusa.

"Basi hapo kuna mlango," alisema.

Tukageuka kurudi nyumbani.